Ukisikia Kiu Yao

Mama Pindo anadai yeye ndiye aliyesikia kwanza. Mama Pindo ni fundi cherehani wa nyumba ya pili, na mtaa ulimpa jina hilo kwa sababu hakuna gauni linalopita barabarani asilikague pindo. Anasimulia kuwa alikuwa ameketi kwenye cherehani yake, karibu na ukuta unaotenganisha ua wake na ua wa Bi Mkubwa. Akasimamisha mguu ili akate uzi, na katika kile kimya kidogo akasikia nyanya za upande wa pili zikisema, "Tumekauka." Anaapa kuwa zilitamka neno lenyewe, na kwamba moja ilikuwa na kigugumizi.

Hapo kwenye kigugumizi ndipo watu humwambia apunguze chumvi. Nyanya hazikutamka neno. Kilichosikika kilikuwa kidogo kuliko neno, na aliyekisikia kwanza hakuwa Mama Pindo. Alikuwa mke wa mwana wa Bi Mkubwa, ambaye wakati huo alikuwa amechuchumaa nyuma ya ukuta huohuo, sikio moja karibu na udongo.

Mke huyo bado aliitwa Bi Harusi. Harusi yenyewe ilikuwa imeshasahaulika, na maturubai yake yalishakodiwa kwenye harusi za wengine mpaka yakachanika. Lakini hakuwa amepata mtoto wa kumpa jina la Mama Fulani, na jina lake la kwao hakuna aliyejisumbua kuliuliza. Kwa hiyo alichota maji, akasugua masufuria na kufagia ua, mwaka baada ya mwaka, akiwa Bi Harusi. Mumewe alikuwa dereva wa lori. Alikuja nyumbani na nguo chafu na habari za foleni kwenye mizani, akalala, akaondoka.

Bi Harusi alikuwa na jambo moja tu. Mama yake mzazi, aliyeishi mbali kwa basi la kutwa nzima na kipande cha kutembea, alikuwa anapoteza macho. Dada yake ndiye aliyepiga simu kumpa habari. Kwanza mama alishindwa kutunga uzi kwenye sindano. Halafu akatia sukari kwenye maharage, akala mwenyewe bila kusema kitu ili watu wasijue. Halafu akaanza kuwatambua watu kwa mwendo.

"Anakutaja wewe," dada alisema. "Anasema anataka akuone wakati bado anaona."

Basi Bi Harusi akaomba ruhusa. Ruhusa katika nyumba ile ilikuwa kama ufunguo wa kabati ambao kila mtu anasema uko kwa mwenzake. Alipomwomba mumewe kwenye simu, mumewe alisema, "Mimi sina neno. Ongea na Mama." Alipomwomba Bi Mkubwa, Bi Mkubwa alisema, "Mimi nani? Mwenye mke yupo. Muulize." Alimwendea hata baba mkwe, fundi redio, mzee mpole aliyeshinda barazani na bisibisi sikioni kama kalamu. Mzee aliweka chini redio aliyokuwa ameipasua tumbo, akamtazama kwa huruma.

"Mwanangu," alisema, "hiyo stesheni mimi siipati."

Bustani ilikuwa ya Bi Mkubwa. Ilikaa nyuma ya nyumba, kati ya ukuta wa Mama Pindo na ngazi ya jikoni: safu za nyanya, bilinganya, pilipili hoho, kipande cha mchicha, na mlimau mmoja ndani ya ndoo iliyopasuka. Bi Mkubwa aliipenda sana, na alikuwa anaiua. Alisubiri mpaka jua likae utosini, kwa kuwa hapo ndipo alipoiona mimea imenyong'onyea na kuionea huruma, kisha akavuta mpira kutoka bombani na kuimwagia kwa juu kama anayeosha gari. Majani yaling'aa, naye akaridhika, akarudi ndani. Huku chini udongo ulikuwa umefanya gamba. Ukilipasua gamba lile kwa ukucha, unakuta vumbi. Mizizi ilikuwa imepanda juu kufuata maji yale ya kulamba, ikakaa hapo karibu na uso wa udongo, inaungua. Majani yalitoka madoa. Nyanya zilizaliwa na vitako vyeusi.

Magoti yalipomshinda Bi Mkubwa, alimkabidhi Bi Harusi mpira.

"Bustani ikikaa sawa," alisema, "tutazungumza habari ya safari yako."

Hiyo ndiyo mara ya kwanza neno safari kutoka kinywani mwake. Bi Harusi aliupokea mpira kwa mikono miwili.

"Mama, niwape maji saa ngapi?"

Bi Mkubwa alikuwa anachambua dengu na hakuinua macho. "Ukisikia kiu yao," alisema, akacheka kidogo puani.

Mtu mwingine angejua kuwa hilo ni dongo, kwamba anaambiwa mtu mzima haulizi vitu vya kitoto. Lakini Bi Harusi alikuwa amekaa katika nyumba ile kwa kufanya alichoambiwa, kama kilivyosemwa, bila kupunguza wala kuongeza, maana kila alipoongeza akili yake aliulizwa nani kamtuma. Akaenda akachuchumaa kwenye safu ya nyanya, akasikiliza.

Mwanzoni alisikia redio za baba mkwe, cherehani ya Mama Pindo, nzi, mtu anayepiga msumari mahali. Hakukata tamaa. Alizitoa sauti zile moja moja, kama mtu anayetoa mawe kwenye mchele, akaziweka pembeni. Kila alipopata nafasi kati ya kazi na kazi alirudi akaendelea pale alipoachia. Mwishowe hakukuwa na jiwe la kutoa. Kilichobaki kwenye sinia kilikuwa kiu.

Haikuwa sauti ya kusikitisha. Nyanya zilikuwa na mkwaruzo mwembamba, kama gazeti linalokunjwa polepole katika chumba cha pili. Bilinganya zilikuwa kama mzee anayejiandaa kukohoa na hakohoi. Mchicha ulikuwa na mnong'ono wa darasa ambalo mwalimu ametoka mara moja. Hoho zilitoa sauti moja nyembamba isiyopumua. Mlimau ulikaa kimya muda mrefu, kisha ukatoa kitu kama sufuria tupu inayosogezwa sakafuni.

Bi Harusi alifungua bomba. Lilikuwa jua kali, na hakujua namna nyingine ila ile aliyoiona, kwa hiyo aliimwagia mimea kwa juu. Kiu haikupungua. Ilipanda. Maji yalikaa kwenye majani yakichemka, na chini yake mkwaruzo ukawa mkali mpaka akafunga bomba kwa aibu, kama mtu aliyempaka mgonjwa uji usoni.

Akangoja jua lishuke. Safari hii aliulaza mdomo wa mpira chini, kwenye shina la mnyanya wa kwanza, akapunguza bomba mpaka maji yakatoka membamba kama uzi. Kwanza udongo uliyakataa. Maji yalizunguka juu ya lile gamba yakitafuta mlango. Akalivunja gamba kwa vidole, akalifinyanga kisahani kuzunguka shina, akaacha maji yasimame humo yatue yenyewe. Akasikia sauti ikishuka. Ilishuka kutoka kwenye uso wa udongo, ikaenda chini yake, na chini ya hapo, kama mtu anayeteremka ngazi za nyumba asiyoijua huku ameshika ukuta. Mahali fulani chini sana ikakoma. Bi Harusi alibaki amepiga magoti, mkono juu ya matope. Kimya kilichobaki pale hakikuwa kile cha kitu kisichokuwepo. Kilikuwa kimya kilichoshiba.

Kesho yake mnyanya ule haukusema kitu, na keshokutwa yake pia. Bi Mkubwa alichungulia kupitia dirisha la jikoni.

"Leo nyanya hujazigusa."

"Hazisikii kiu, Mama. Na mimi siisikii."

Bi Mkubwa akarudi kwenye sufuria yake.

Hivyo ndivyo Bi Harusi alivyojifunza. Aliamka kabla ya jua, kwa kuwa alisikia kuwa jua likitangulia linakunywa kwanza na kubakiza kidogo. Alinywesha chini, si juu. Alinywesha mpaka ndani halafu akaacha siku zipite, na akasikia mizizi ikigeuka kuyafuata maji chini, kazi ya taratibu iliyotoa sauti ya kitambaa kinachovutwa kwenye sakafu. Alitandaza nyasi kavu kuzunguka mashina ili udongo usitazamane na jua ana kwa ana. Maji aliyooshea mboga na mchele hakuyamwaga, aliyapeleka kwa mlimau, ambao uliyapenda kuliko ya bomba. Mchicha ulitaka kidogo na mara kwa mara. Bilinganya zilitaka mengi na kisha ziachwe na mambo yao.

Kadiri alivyosikia ndivyo kiu ile ilivyozidi kusikika, mpaka siku moja Bi Mkubwa akatoka jikoni na mwiko mkononi.

"Mbona hoho zinapiga kelele?"

"Zina kiu, Mama."

"Basi zipe," alisema Bi Mkubwa, akarudi ndani.

Baba mkwe aliacha bisibisi na kusogea mpaka kwenye ngazi. Alisikiliza kwa kichwa kilichoinama, kama anavyosikiliza spika yenye ufa. "Imeshika masafa," alisema. "Kitu kikishashikwa na mmoja kimeshashikwa na nyumba nzima." Hakuna aliyehitaji maelezo zaidi ya hayo. Mama Pindo naye akapiga hodi jioni hiyohiyo na habari yake ya kigugumizi.

Watu wakaanza kuja. Walikuja jioni, wakati wa kunywesha mchicha, na Bi Mkubwa akatoa viti, halafu mabenchi, halafu mkeka. Aliwapokea mlangoni kama mwenye hoteli. "Karibuni kwenye bustani yangu," aliwaambia. Wengine walileta mimea yao isikilizwe, mmoja akiwa na shubiri kwenye kopo, mwingine waridi lililogoma. Bi Harusi aliinama, akawaambia: hii umeizamisha, haina kiu, ina kwikwi, hii unaipa maji ya kulamba kila siku, ipe mengi kisha iache. Muuza duka wa kona alileta mti wa plastiki uliokuwa kaunta kwake. Wakausikiliza kwa heshima zote, kisha akarudi nao.

"Angalau huo wako hautakuomba kitu," Mama Pindo alimwambia akiwa mlangoni.

"Ndiyo maana tunaelewana," alisema muuza duka.

Lakini walichokuja kusikia hasa hakikuwa kiu, kilikuwa kuisha kwake. Siku ambazo udongo wote ulikuwa umefikia zamu yake ya maji, Bi Harusi alipita na mpira safu kwa safu, bila haraka, na kiu ikazima nyuma yake mmea kwa mmea. Watu waliweka vikombe chini. Ilikuwa kama kutazama taa za mtaa zikizimwa moja moja, ila kilichokuja baada yake hakikuwa giza. Mchicha ulinyamaza wote pamoja, kama darasa mwalimu anaporudi. Kisha yale maji yalisikika yakitembea chini ya miguu ya watu, yakipita chini ya mabenchi, na waliovaa viatu walivivua bila kuambiwa. Mzee mmoja aliyekuwa na neno kwa kila mtu mtaani alikaa pale mdomo wazi. Mama Pindo alilia na hakujua analia, kipande cha uzi kimemning'inia mdomoni. Kwa muda huo mfupi ilionekana kwamba dunia nzima huko chini ilikuwa inapewa inachotaka, polepole, na mtu aliyejua namna ya kuipa.

Jioni moja kimya kile kilikuja, na ndani yake kulikuwa na kitu.

Kilikuwa chini sana. Hakikuwa mkwaruzo wala mnong'ono. Kilifanana na mtu anayevuta pumzi ya kuanza kusema na kuirudisha. Watu walitazamana.

"Kuna mmea umesahaulika," alisema Bi Mkubwa.

Bi Harusi aliinamisha kichwa, akazungusha mpira kwenye bomba. Wengine wakatafuta. Waliusikiliza mlimau, ukawa umeshiba. Baba mkwe aliweka sikio kwenye pipa la maji, akaligonga, akatikisa kichwa. Mama Pindo alilisikiliza shina la ukutani lililokatwa zamani, na likawa limekufa kwa amani. Waliifuata sauti kupita hoho, kupita bilinganya, mpaka kwenye ngazi ya jikoni, na hapo ngazini palikuwa na sufuria mbili, ndoo, na Bi Harusi.

Bi Mkubwa alimsogelea, akasikiliza mbele ya kifua chake.

"Ni huyu," alisema.

Bi Harusi akaletewa kikombe cha maji. Akanywa. Sauti haikubadilika. Akaletewa kingine, akakinywa pia, kwa adabu, amekishika kwa mikono miwili. Mtu akasema labda anataka ya baridi. Mwingine akasema ya vuguvugu ndiyo yanayoingia mwilini. Akanywa ya baridi, akanywa ya vuguvugu. Tumbo lake lilijaa mpaka likasikika kivyake, na ile sauti iliendelea juu ya tumbo palepale.

"Kwani ni kiu ya maji?" aliuliza baba mkwe.

"Hapana, Baba."

"Ya nini?"

"Ya kwenda kwetu."

Mzee alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa tena. Bi Mkubwa aliwageukia wageni. "Jamani, chai itapoa," alisema, na watu wakavichukua vikombe vyao.

Baada ya hapo ilikuwepo tu, kama saa ya ukutani. Ilisikika wakati wa kula. Ilisikika chumbani, na kwenye kona ya kufulia. Baba mkwe aliongeza sauti ya redio kidogo, na baada ya siku chache akaipunguza, kwa kuwa haikusaidia. Bi Mkubwa alianza kuitumia kujua Bi Harusi yuko upande gani wa nyumba, akaacha kumwita kwa kupaza sauti. Wageni nao waliizoea. Wapo waliosema inapendeza ikichanganyika na ya bilinganya. Ila wanawake walioolewa mbali na kwao walikaa benchi la karibu na ngazi. Mmoja alijishika kifua, akasikiliza, akavaa viatu vyake akaenda zake, na hakurudi tena.

Dereva alikuja, akalala kitandani kwake, akaamka akaketi.

"Nini hicho?"

"Ni mimi."

Alikuwa mtu wa injini, kwa hiyo alisikiliza kwa makini, akaweka hata kiganja mgongoni kwa mkewe kusikia mtetemo.

"Haigongi," alisema. "Ingekuwa inagonga ningeogopa."

"Mama hatofautishi tena vizuri mchana na jioni. Nipe ruhusa niende."

"Ningekupeleka mwenyewe, lakini mzigo wa safari hii ni wa upande mwingine." Akajilaza, akavuta shuka. "Mimi sina neno, unajua. Ongea na Mama." Kisha akageukia ukutani. Lori lake lilikuwa na kelele kuliko ile, na alipata usingizi.

Mama Pindo ndiye aliyelisema jambo hadharani. Alikuja na gauni la Bi Mkubwa la kupimwa, na alipokuwa amepiga magoti chini yake na pini mdomoni, akasema, "Shoga, mpe mtoto wa watu ruhusa."

"Na bustani?"

"Bustani sasa inajisemea yenyewe. Hata mimi niliyeharibika masikio kwa cherehani naisikia. Nitakunyweshea mimi."

"Kusikia, wote mnasikia," alisema Bi Mkubwa. "Kuamka kabla ya jua je? Kushika mpira mpaka udongo utosheke, bila kwenda kupiga soga? Geuza huku, hapa pananibana." Akageuka mwenyewe. Kisha akasema, "Mimi nilipoolewa niliomba ruhusa nikamzike mama yangu. Nikaambiwa kuna mahindi ya kusaga." Alisema hivyo kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya vitunguu.

Mama Pindo alitoa pini mdomoni. "Basi?"

"Basi nikasaga."

Walikaa hivyo, mmoja amesimama na mwingine amepiga magoti, na kutoka kona ya kufulia ile pumzi ikawa inaanza na kurudi, inaanza na kurudi. Mama Pindo alisikiliza, akatazama juu usoni mwa Bi Mkubwa. Alidai baadaye kwamba alisikia pumzi mbili. Lakini Mama Pindo ni mtu wa chumvi.

Dada alipiga simu asubuhi moja Bi Harusi akiwa kwenye safu ya hoho.

"Jana ameuliza kama kumekucha," dada alisema. "Ilikuwa mchana, jua linawaka. Nimempeleka hospitali, wamesema basi. Ngoja nikupe uongee naye."

Mama alichukua muda kuitafuta simu mkononi mwa binti yake. "Mwanangu," alisema. Kisha akaikaza simu sikioni. "Nasikia kitu hapo kwenu."

"Ni bustani, mama. Huku mimea inasikika ikiwa na kiu."

"Nimeambiwa. Hiyo naisikia pia, iko mbali. Nasema hii ya karibu."

Bi Harusi aliulaza mpira chini.

"Umekunywa maji leo?" aliuliza mama.

"Nimekunywa, mama."

"Kunywa tena," alisema mama, na simu ikakatika kwa kuwa salio la dada lilikuwa limeisha.

Bi Mkubwa alipoambiwa, aliweka kisu chini na kumpa pole kutoka moyoni. Alimshika hata bega, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Kwa hiyo sasa haoni kabisa?"

"Haoni kabisa, Mama."

"Pole, mwanangu. Pole sana." Akavuta pumzi kama mtu aliyetuliwa mzigo kichwani. "Basi angalau ile haraka imekwisha."

Siku zilizofuata nyanya ziliiva. Hakuna hata moja iliyokuwa na kitako cheusi. Zilikuwa nzito, zimejaa mpaka mabegani, na ukiikata moja haikumwaga maji, ilikaa na maji yake. Bilinganya ziling'aa kama viatu vya sherehe. Mlimau ulitoa maua ndani ya ile ndoo iliyopasuka, na harufu ikaingia mpaka chumbani kwa Mama Pindo, kwenye nguo za watu, wakazivaa wakaenda nayo mjini. Mizizi ilikuwa imefika chini sana sasa. Asubuhi, kabla watu hawajaamka, ilisikika ikinywa mahali ambapo mpira haukuwa umefikisha maji.

Bi Mkubwa alitoka mapema akaketi kwenye ndoo iliyofunikwa, kitenge mabegani, akatazama. Bi Harusi alikuwa anamalizia safu ya mwisho. Alifunga bomba. Bustani ilinyamaza yote, na ile pumzi yake ikabaki peke yake katikati ya ua, wazi kabisa.

"Mama," alisema Bi Harusi. "Bustani imekaa sawa?"

Bi Mkubwa alitazama nyanya, akatazama mlimau. Hakuwa mtu wa kusema uongo juu ya mboga. "Imekaa sawa," alisema.

Bi Harusi alichuchumaa mbele yake ili asiwe juu ya kichwa chake.

"Macho ya mama yangu yamekwenda, lakini masikio yake ni mazima. Naomba ruhusa, Mama. Niende akanisikie."

Bi Mkubwa aligeuza uso kwenye safu ya nyanya, akazisikiliza kwa muda. Zilikuwa zimeshakunywa na hazikuwa na la kumwambia. Huko mbele mlango ukagongwa, wageni wa asubuhi walikuwa wamefika na vyungu vya maua yao, na Bi Mkubwa akamnyooshea Bi Harusi mkono ili ainuliwe, akawapokee.